Maili za Ndege kwa Msafiri wa Mwanza Anayekwenda Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa "tiketi ya maili" ni tiketi ya ndege inayolipiwa kwa maili au pointi, halafu msafiri anaongeza kodi na ada kwa fedha taslimu. Mashirika mengine huziita maili, mengine pointi, mengine Avios. Mifano yenye neno "tuchukulie" ni ya kufanyia hesabu tu. Bei halisi itazame siku unayotafuta, kwa sababu mashirika hupandisha viwango bila kupiga hodi.

Nijiunge na mpango upi wa kukusanyia maili ulio bora?

Ule utakaoweza kuujaza na kuutumia kabla maili hazijaisha muda. Mfanyabiashara wa Makoroboi anayekwenda Guangzhou mara tatu kwa mwaka na mzazi wa Nyegezi anayemtembelea mtoto Ulaya kila baada ya miaka miwili hawawezi kupewa jibu moja. Wa kwanza ataweza kujaza karibu mpango wowote. Wa pili akijiunga na mpango wenye masharti makali ya muda, maili zitafutika akiwa bado anahesabu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ndege unayopanda na mpango unaoweka maili si lazima viwe vya shirika moja. Ukilielewa hilo, maswali mengi yanayofuata yatakuwa mepesi.

Miungano ya mashirika ni ipi, na ni ndege zipi zinazonihusu?

Muungano ni kundi la mashirika yanayokubali maili za wenzao. Iko mitatu. Star Alliance ina Ethiopian, Turkish, EgyptAir, Brussels Airlines, Lufthansa, Swiss, United, Air Canada na wengine. SkyTeam ina Kenya Airways, KLM, Air France, Delta, Saudia na Virgin Atlantic. Oneworld ina Qatar Airways, British Airways, American, Cathay Pacific, Royal Air Maroc, na tangu 2025 Oman Air.

Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, Ethiopian, Turkish, Qatar, KLM na Emirates zote utazipata Dar es Salaam. Ukivuka kwenda Entebbe unaongeza Brussels Airlines. Ukienda Nairobi unaongeza British Airways, Air France na Lufthansa.

Emirates haimo katika muungano wowote, ila ina makubaliano ya shirika kwa shirika; kwa mfano pointi za Aeroplan ya Air Canada zinaweza kukata kiti cha Emirates. Air Tanzania nayo haimo kwenye muungano. Kwa hiyo kipande cha Mwanza hadi Dar hakiingii katika tiketi ya maili ya muungano wowote, na hilo lina jibu lake hapo chini.

Kwani nikipanda Ethiopian si lazima nijiunge na ShebaMiles, mpango wao wenyewe?

Si lazima. Unapopanda ndege ya Star Alliance unaruhusiwa kutoa namba ya mpango wa mwanachama mwingine: Miles&Smiles ya Turkish, MileagePlus ya United, Aeroplan ya Air Canada. Safari ni ileile na kiti ni kilekile, maili ndizo zinaingia kibubu kingine. Namba inayowekwa ni moja tu kwa kila safari; huwezi kuvuna mara mbili.

Faida ya ShebaMiles ni kwamba ukiwa mwanachama wa shirika lenyewe kwa kawaida unaona viti vingi zaidi vya maili katika ndege zake kuliko wanavyoonyeshwa washirika. Na ukipanda daraja la uanachama, mizigo ya ziada na chumba cha kupumzikia Addis Ababa vitakuhusu mara nyingi, kwa kuwa ndiko unakopita. Anayekwenda China kununua bidhaa huenda kilo za ziada zikamfaa kuliko tiketi ya bure.

Faida ya United na Aeroplan ni nyingine: hazikutozi ada ya mafuta kwenye tiketi za maili za washirika. Aeroplan hutoza dola 39 za Kanada kwa tiketi ya shirika mshirika, basi. Halafu ina jambo zuri ambalo wengi hulipita tu: kwa pointi 5,000 za ziada unaweza kukaa kwenye mji wa njiani hadi siku 45 ndani ya tiketi ya upande mmoja, mradi mji huo usiwe Kanada wala Marekani. Mtu anayetoka Toronto kurudi Dar kupitia Istanbul anaweza kukaa Istanbul wiki nzima akachagua mapazia, kisha akaendelea na tiketi ileile.

Upande wa hasara, tiketi za bei ya chini za Ethiopian au Turkish huenda zikaingiza maili kidogo, au zisiingize kabisa, ukiziweka kwa mshirika. Kabla hujaamua fungua ukurasa wa mshirika unaoonyesha asilimia kwa kila herufi ya tiketi. Herufi hiyo imeandikwa kwenye tiketi yako karibu na neno la daraja: Y, M, L, T, O na kadhalika. Abiria wawili waliokaa viti jirani wanaweza kushuka mmoja na maili 5,000 na mwingine na sifuri.

Nazilinganishaje tiketi mbili za maili?

Usitazame idadi ya maili peke yake. Chukua bei ya tiketi hiyohiyo kwa fedha, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili. Unapata thamani ya maili moja kwa shilingi.

Tuchukulie tiketi ya kwenda na kurudi inauzwa Sh 3,200,000. Mpango wa kwanza unataka maili 45,000 na Sh 500,000. Inabaki Sh 2,700,000. Ukigawanya unapata Sh 60 kwa maili. Mpango wa pili unataka maili 36,000 tu, ila na Sh 1,400,000. Inabaki Sh 1,800,000, sawa na Sh 50 kwa maili. Wa pili ulionekana rahisi, kumbe umetoa maili zako kwa bei ya chini na bado ukachomoa fedha karibu mara tatu.

Ikiwa hesabu inakupa thamani ndogo kuliko bei ambayo shirika lenyewe linauza maili hizo siku za punguzo, lipa fedha na utunze maili. Kwa daraja la kawaida hali hii hutokea mara nyingi msimu usio na watu. Maili hung'ara zaidi kwenye daraja la biashara, au pale tiketi za fedha zinapopanda ghafla mwezi Desemba.

Hiyo ada ya mafuta ni nini hasa, na nitaitambuaje?

Ni tozo ya shirika iliyovalishwa nguo ya kodi. Kodi halisi huenda kwa serikali na viwanja vya ndege. Hii hubaki kwa shirika. Kwenye mchanganuo wa malipo hutokea kwa herufi YQ au YR. Ukiona "kodi na ada" zimefika nusu ya bei ya tiketi ya fedha, bofya mchanganuo na uzitafute herufi hizo.

Ada hizi hubadilika kwa shirika na kwa njia. Kiti kilekile cha mshirika kinaweza kuwa na YQ ukikikata kwa mpango mmoja na kisiwe nayo ukikikata kwa mwingine, ndiyo maana United na Aeroplan zina wapenzi wengi. Kodi halali nazo hutofautiana: Uingereza hutoza kodi kubwa ya abiria kwa safari ndefu inayoanzia kwao, hasa madaraja ya juu. Kupita London kwa kubadilisha ndege tu ndani ya saa 24 hakuhesabiwi kama kuanzia safari huko.

Maili huisha lini?

Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki kina tundu. Mipango iko ya aina mbili. Aina ya kwanza huhesabu tangu siku maili zilipoingia: ShebaMiles, Miles&Smiles na Emirates Skywards hutoa takriban miaka 3, kisha hufuta hata kama ulisafiri juzi. Aina ya pili hutazama kama akaunti imeguswa: Avios za Qatar na za British Airways huisha baada ya miezi 36 bila kuingiza wala kutumia chochote, Aeroplan miezi 18, LifeMiles ya Avianca miezi 12. Flying Blue ya KLM na Air France hutoa miaka 2, na safari moja inayohesabika husogeza mbele maili zote. Za United na Delta hazina tarehe ya kuisha.

Kwa anayesafiri mara chache, aina ya pili ndiyo salama. Hata maili 100 zikiingia kutoka hotelini huamsha akaunti nyingi za namna hiyo. Kwa Flying Blue usitegemee hoteli, panda ndege.

Nimesafiri mara nne na akaunti haina kitu. Kwa nini?

Mara nyingi namba haikuwekwa kwenye tiketi. Mawakala wengi wa mjini hawaiulizi usipoitaja mwenyewe. Sababu ya pili ni jina. Akaunti inasema Neema Masanja, tiketi inasema Neema John Masanja, mfumo unakataa kimyakimya. Fungua akaunti kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule, si kama unavyoitwa mtaani. Sababu ya tatu ni herufi ya tiketi isiyoingiza maili.

Ndani ya miezi 6 ya safari mashirika mengi hukubali ombi la kuongezewa. Utahitaji namba ya tiketi yenye tarakimu 13 na picha ya boding pasi. Tarakimu tatu za mwanzo hukueleza nani alitoa tiketi: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 157 Qatar, 074 KLM, 176 Emirates, 235 Turkish. Usitupe boding pasi kwenye ndoo ya takataka ya uwanja wa ndege. Ipige picha mbele na nyuma, uitunze hadi maili zionekane.

Sina kadi ya mkopo ya benki za Marekani. Maili nitazipata wapi?

Makala nyingi za Kiingereza kuhusu jambo hili zimeandikwa kwa watu wanaopata maili 60,000 kwa kufungua kadi tu. Sisi tuziruke. Njia zetu ni tatu.

Kwanza, kuruka kwenyewe. Baadhi ya mipango huhesabu fedha badala ya umbali: Flying Blue humpa mwanachama wa ngazi ya chini maili 4 kwa kila euro aliyolipa, kodi zikiondolewa, na hupanda hadi 8 kwa ngazi ya Platinum. Tiketi ya bei poa kwa hiyo huingiza kidogo.

Pili, hoteli. Pointi za Marriott Bonvoy hubadilishwa kwa mashirika mengi kwa uwiano wa 3 kwa 1. Ni kubadilisha ng'ombe kwa mbuzi, ila pale unapopungukiwa maili 2,000 kukamilisha tiketi, mbuzi anatosha.

Tatu, kununua maili kwa shirika lenyewe wakati wa punguzo. Nunua tu ukiwa umeshakiona kiti unachotaka. Anayenunua maili ili azitunze ananunua kitu ambacho muuzaji anaweza kukishusha thamani kesho.

Nipe hatua za kukata, moja baada ya nyingine.

Anza mapema au chelewa. Katikati ndiko kugumu. Mashirika mengi hufungua viti kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari, na baadhi huachia tena vilivyobaki wiki mbili za mwisho.

Tafuta kipande kwa kipande. Usiandike Dar hadi Guangzhou. Tafuta Dar–Addis, kisha Addis–Guangzhou. Tovuti hushindwa kuunganisha, na kipande kimoja kikikosekana hukuambia hakuna safari kabisa. Ukishajua siku zenye viti kote, ndipo utafute safari nzima. Kagua daraja la kila kipande: tiketi inaweza kuitwa ya biashara huku saa nane ndefu ukizikaa nyuma.

Thibitisha kiti hichohicho kwenye tovuti ya mpango wa pili wa muungano uleule. Kikionekana kote, ndipo uhamishe au ununue maili. Uhamisho kutoka hotelini hauwezi kurudishwa, na unaweza kuchukua siku kadhaa. Avios ni nafuu hapa: ukiunganisha akaunti ya Qatar na ya British Airways, zinahama moja kwa moja kwa uwiano wa 1 kwa 1.

Kabla ya kulipa, piga simu benki au fungua programu yake uhakikishe kadi imeruhusiwa kulipa mtandaoni kwa fedha za kigeni, kikomo cha siku kinatosha, na laini inayopokea namba ya siri iko hewani. Kadi ikikataliwa mara tatu, kiti huondoka na mfumo unaweza kukufungia.

Ukimaliza, utapata kumbukumbu ya herufi sita. Hiyo peke yake si tiketi. Subiri namba ya tarakimu 13. Kisha uliza kumbukumbu ya shirika linalorusha ndege, kwa kuwa mara nyingi ni tofauti na ya mpango uliokata, na uiingize kwenye tovuti yao uone jina lako lipo na hali ni "imetolewa". Saa 48 zikipita bila namba ya tiketi, piga simu.

Kiti naona, nikibofya kulipa kinapotea. Ni mtandao wangu?

Hapana. Ni kiti hewa: tovuti inaonyesha orodha ya zamani, na shirika lenye ndege limeshakiuza. Jaribu tarehe jirani, au kikague kwenye mpango mwingine. Kama maili zimekatwa na tiketi haikutoka, usikate mara ya pili; zitarudi, ila mara nyingi kwa kufuatilia.

Kipande cha Mwanza hadi Dar nikifanyeje?

Utanunua tiketi ya pekee, na hapo hatari yote ni yako. Ndege ya asubuhi ikichelewa Mwanza, shirika la kimataifa halikudai wala halikudaiwi: ulikosa ndege. Acha saa 5 au 6 kati ya kutua na kuruka, na kama ndege ya nje ni ya alfajiri, lala Dar. Mzigo utauchukua na kuukabidhi upya; safari za kimataifa huondokea Jengo la 3, na ndege ya ndani inaweza kukushusha jengo jingine. Kagua pia uzito: ukirudi na mizigo miwili ya kilo 23 iliyoruhusiwa kimataifa, tiketi ya ndani huenda ikaruhusu mmoja, na wa pili ukalipiwa kwa kilo.

Je, kuanzia Entebbe au Nairobi kuna faida?

Wakati mwingine kubwa. Entebbe iko kwenye ziwa hilihili letu, ng'ambo ya pili. Kutoka Mwanza unapita daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, Geita, Bukoba, kisha mpaka wa Mutukula. Au unalala kwenye meli ya Mwanza–Bukoba na kuendelea kwa gari. Nairobi ni kupitia Sirari. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wakati wa kurudi utaulizwa.

Linganisha kodi, idadi ya maili na gharama ya barabara pamoja na usiku wa kulala. Tofauti ikiwa chini ya laki mbili, Dar inatosha. Na usidanganyike kukata tiketi inayoanzia Entebbe ukidhani utaipandia njiani: ukiruka kipande cha kwanza, vyote vinavyofuata hufutwa.

Naweza kumkatia mama kwa maili zangu?

Ndiyo, mipango mingi inaruhusu kumkatia mtu yeyote bila kuhamisha maili, ingawa baadhi hutaka umsajili kwanza kwenye orodha ya wateule. Kuhamisha maili kwenda akaunti ya mama kwa kawaida hulipiwa, wala hakuna haja. Emirates, Qatar, British Airways na Flying Blue zina akaunti za familia zinazochanga maili pamoja. Soma masharti ya kutoka kabla ya kuingia.

Kuna mtu anauza tiketi za maili kwa nusu bei. Ni halali?

Kuuza maili au tiketi iliyokatwa kwa maili ni marufuku karibu katika kila mpango. Shirika likigundua hufunga akaunti na kufuta tiketi, na anayejua mwisho ni abiria aliyesimama kaunta na masanduku. Mara nyingine maili zenyewe zimeibwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Dalili: anataka nakala ya pasipoti yako lakini hataki utoe namba yako ya uanachama, na anakusihi usipige simu kwa shirika.

Shirika limebadilisha ratiba na muunganiko umevunjika. Nampigia nani?

Aliyetoa tiketi, yaani mpango uliokata maili zako, si shirika linalorusha ndege. Tafuta mwenyewe kwanza safari mbadala ya shirika hilohilo, uandike namba za ndege na tarehe, ndipo upige. Mhudumu akiambiwa "nipeleke kwenye ndege hii ya siku hii" humaliza kwa dakika kumi. Akiambiwa "nisaidie" hukurudishia maili. Usibofye "kubali" kwenye barua pepe ya mabadiliko kabla hujaongea naye, kwa kuwa ukikubali unaweza kupoteza haki ya kubadilishiwa bure. Baada ya mabadiliko hakikisha tiketi imetolewa upya, kwa maana jina linaweza kuonekana kwenye ndege mpya huku tiketi ikiwa bado ya ile ya zamani, na kaunta ya Dar haitakupokea.